Unyaufu wa Umeme

Nachingwea, mkoani Lindi, inaijua kuliko wilaya nyingi gharama ya mradi usiopigiwa hesabu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ambayo wananchi wake walikuwa bado wanakula kwa mgao baada ya vita, ilianza kulima karanga Tanganyika ili ipate mafuta. Maeneo yalikuwa matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kufyeka ekari zaidi ya milioni 3. Vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa matrekta, vikabatizwa jina la Shervick, vikatumwa kung'oa visiki. Huku kusini ikajengwa bandari mpya ya Mtwara na reli ya kuingia bara mpaka Nachingwea. Januari 1951 London ikatangaza kwamba basi, imetosha, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Reli ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Husimuliwa hadi leo kwamba karanga zilizonunuliwa kwa ajili ya mbegu zilizidi karanga zilizovunwa. Shamba namba 17 lilikuja kutoa mavuno baadaye, ingawa hayakuwa ya karanga: ndipo FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walipowafunzia wapiganaji wao.

Watu wa mradi ule hawakuwa wavivu. Walifanya kazi usiku na mchana, walikuwa na mashine, fedha na wataalamu wenye vyeti. Walichokosa ni mtu wa kuuliza mapema, tena kwa sauti ya kusikika: tunaweka kiasi gani, na tutatoa kiasi gani? Swali hilohilo ndilo linalokosekana kila tunapoonyeshwa jenereta iliyoundwa nyumbani ambayo, kwa maelezo ya mwenyewe, haitumii mafuta, haitumii jua, haitumii maji, inawaka tu. Fundi anaiwasha, taa inawaka, umati unashangilia. Diwani anakuja, kisha mkuu wa wilaya, kisha kamera. Fundi anaomba mtaji. Kiongozi anaahidi kumkutanisha na wahusika. Miezi inapita, wahusika hawaonekani, na jenereta nayo haionekani.

Kiu ya umeme wa namna hiyo ina sababu zake, na katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa sababu zenyewe ni za kutosha. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, mkoa huuhuu wa Lindi, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inawaka kwenye mitambo ya Dar es Salaam. Gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Bomba lake la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, baada ya ghasia za Mtwara za mwaka 2013 za kulipinga, ambazo hakuna aliyezisahau. Wakati gesi ikisafiri kwenda kaskazini, Lindi na Mtwara zilikaa miaka mingi nje ya Gridi ya Taifa, zikitegemea mitambo yao michache. Umeme wa kufika Ruangwa na Nachingwea husafiri kwenye nyaya ndefu zinazokatiza mapori na mashamba ya mikorosho. Nguzo moja ikianguka wakati wa mvua, watu wengi wanalala gizani. Umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, umeingia vijijini, na bei ya kuunganishiwa ya shilingi 27,000 imewafungulia mlango watu ambao zamani wasingethubutu hata kuuliza. Lakini transfoma ikiungua, kijiji kinasubiri. Juu ya yote hayo, ardhi ya Ruangwa, huko Chilalo na Matambalale, ina madini ya kinywe, yale yanayotengenezewa betri za magari ya umeme ya nchi za watu. Mtu anayekaa juu ya malighafi ya betri huku simu yake imezima chaji hahitaji kuambiwa na mwandishi wa makala kwamba ana haki ya kuota ndoto.

Kwa hiyo simcheki fundi. Kuunda jenereta ni kazi halali, ya heshima na ya zamani. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikipita karibu na waya uliosukwa, umeme unatembea ndani ya waya ule. Mitambo yote mikubwa inayozungusha rota, kuanzia ile ya gesi ya Mtwara mpaka mashine tisa za Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji zenye megawati 2,115 kwa pamoja, ni kazi ya ugunduzi ule mmoja. Fundi wa Nachingwea anayefungua mota ya pampu iliyoungua, akahesabu mizunguko ya waya wa shaba, akasuka upya na kupaka vanishi, anafanya kwa mikono yake jambo ambalo wahitimu wengi wa chuo wamelichora tu kwenye daftari.

Vifaa vyake vinajulikana. Kuna oltaneta iliyotolewa kwenye Fuso iliyokufa, sumaku za spika, dainamo ya baiskeli, puli, mkanda wa mashine ya kusaga, betri ya gari na inveta. Kila kimoja kina tabia yake. Oltaneta ya gari, kwa mfano, haina sumaku ya kudumu ndani; lazima ipewe umeme kidogo wa betri ili iamke, na inataka kuzungushwa mara elfu moja na mia kadhaa kwa dakika kabla haijaanza kuchaji vizuri. Ndiyo maana vijana wengi wanaoifunga kwenye panga la upepo huona inazunguka kwa madaha siku nzima bila kutoa kitu. Dainamo ya baiskeli ina sumaku yake, hutoa umeme hata kwa mwendo mdogo, lakini ni kwa taa moja ya mbele.

Sheria nzima ya jambo hili inaweza kusikika mkononi bila kitabu. Shika jenereta ndogo, izungushe kwa mkono bila kuunganisha chochote: inateleza. Sasa unganisha taa, zungusha tena. Imekuwa nzito. Ongeza taa ya pili, uzito unaongezeka. Heinrich Lenz alilieleza hili mwaka 1834: umeme unaozaliwa kwenye waya hugeuka na kumpinga aliyeuzaa. Kila wati inayotoka kwenye taa imelipiwa kwenye ekseli, papo hapo, kwa nguvu ya anayezungusha. Hakuna mkopo, na anayezungusha akichoka, taa inazimika.

Basi swali la kwanza kwa jenereta yoyote ni moja: nani anazungusha? Walioweza kulijibu wamefanikiwa, na hatuna haja ya kwenda mbali kuwatafuta. Jirani yetu William Kamkwamba wa Malawi, akiwa kijana aliyeacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa, mwaka 2002 alijenga mtambo wa upepo kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, akatumia dainamo ya baiskeli. Mtambo wa kwanza ulitoa wati 12 tu. Zilikuwa wati 12 za kweli, kwa sababu upepo ulikuwa unazungusha. Huku kwetu, John Fute, maarufu kama Mzee Pwagu, na Jairos Ngairo wa Njombe walizalisha umeme wa maporomoko kwa vifaa vya kuokoteza na kuwasambazia majirani zao. Mwaka 2019 Rais John Magufuli, akiwa ziarani mkoani humo, aliwasifu hadharani. Hakuna kati ya wawili hao aliyedai kwamba mashine yake haili kitu. Ilikula maji.

Hapo ndipo jiografia inapotuonea sisi wa kusini mashariki. Umeme wa maji una hesabu ya mistari miwili: zidisha lita zinazopita kwa sekunde na mita zinazoporomoka, kisha zidisha kwa 9.8, unapata wati kabla ya hasara. Kijito cha lita 10 kwa sekunde kikianguka mita 10 kina wati 980. Kwa mashine ya kujiundia, shukuru ukipata 500. Njombe wana vijito vinavyotiririka mwaka mzima na milima ya kuviangusha. Nachingwea na Ruangwa mvua zina msimu mmoja, kutoka mwisho wa mwaka hadi Aprili hivi. Mbwemkuru na Lukuledi hufurika wakati huo, kisha kiangazi hubaki mchanga na madimbwi. Tena nchi imelala. Mahali ambapo maji yanashuka mita moja tu, wati zilezile 980 zinadai lita 100 kila sekunde, mwezi wa Septemba, kwenye mto ambao mwezi huo mbuzi wanauvuka bila kulowa magoti. Fundi wa Ruangwa si mjinga kuliko wa Njombe. Amezaliwa penye mteremko mdogo.

Pengine ndiyo sababu kishawishi cha jenereta isiyokula kitu ni kikubwa zaidi huku. Muundo wake haubadiliki sana kutoka karakana moja hadi nyingine. Betri inazungusha mota. Mota, kwa mkanda, inazungusha oltaneta. Oltaneta inachaji betri. Umeme unaobaki, anasema fundi, ndio unaokwenda nyumbani. Ukiutazama mchoro, unavutia. Mshale mmoja unamfuata mwenzake kwa duara na hakuna mahali unapokatika.

Sasa tupige hesabu, tena kwa ukarimu. Chukua sehemu 100 za nishati kutoka kwenye betri. Mota ndogo nzuri inageuza takriban 75 kuwa mzunguko. Zinazobaki zinakuwa joto, ndiyo maana mota huchemka. Oltaneta ya gari ikipokea 75 hizo hurudisha kama asilimia 60, yaani 45. Betri ya asidi haihifadhi zote inazopewa. Ikihifadhi asilimia 80, tumebaki na 36. Huo ni mzunguko mmoja, na bado hatujawasha taa hata moja, hatujahesabu mkanda unaoteleza wala inveta inayovuma. Mzunguko wa pili unaacha 13. Wa tatu unaacha zisizofika 5. Duara lilikuwa mchoro tu. Chombo chenyewe kinateremka.

Mkulima wa korosho anaijua hesabu hii kuliko anavyodhani. Akipeleka magunia kwenye chama cha msingi, AMCOS, yakapimwa, yakasafirishwa kwenda ghala kuu, yakakaa, uzito unapungua. Upungufu huo unaitwa unyaufu, na kila msimu unazua maneno kwenye mikutano ya wanachama wa RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Watu hubishana umepungua kiasi gani na nani abebe hasara. Sijawahi kusikia mkutano uliokaa kujadili korosho zilizoongezeka uzito zikiwa ghalani. Ukitokea, wajumbe hawatapiga makofi, watawaita TAKUKURU, wapambanaji wa rushwa. Nishati nayo ina unyaufu wake kila inapohamishwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine, na anayetuambia kwamba kwake imeongezeka njiani anastahili mzani uleule.

Kuna waliojaribu kuukwepa unyaufu huo kwa gurudumu zito. Wanachomelea chuma kikubwa cha mviringo katikati ya mota na oltaneta, wakisema uzito wake ndio utakaoongeza nguvu. Gurudumu zito ni kifaa kizuri; mashine za zamani za kusaga zinalo, nalo hulainisha mwendo injini inapokohoa. Lakini linahifadhi kile lilichopewa, basi. Chukua gurudumu la kilo 20, upana wake nusu mita, lizungushe mara 1,500 kwa dakika, mwendo ambao mimi nisingesimama karibu nalo kama limechomelewa chini ya mwembe. Nishati iliyomo ndani ni joule kama 7,700. Inatosha kuwasha taa ya wati 10 kwa dakika zisizozidi 13, endapo hakuna kinachopotea. Dakika 13 ni nyingi kwa video, kwa sababu video nyingi ni za dakika tatu. Mtazamaji anaona betri imechomolewa, gurudumu linaendelea kuzunguka, taa inaendelea kuwaka, na kabla haijafifia sherehe imeisha.

Ujanja mwingine hauna hata nia mbaya. Ni mtu kujidanganya mwenyewe kwa kipimo. Fundi anaweka mita kwenye nyaya, inasoma volti 220, kijiji kinapiga vigelegele. Volti bila mzigo hazisemi chochote kuhusu nguvu. Kifaa kinachotoshea mfukoni kinaweza kusoma volti 220 na kuzimika ukikiunganisha na pasi. Taa za kisasa za wati 3 nazo zimezidisha mkanganyiko: zinawaka vizuri kwa umeme mdogo sana, na nyingine zina betri ndani ya vikombe vyake. Kuna pia umeme wa ndimu, wa viazi na wa udongo wenye chumvi, unaopendwa kwenye maonyesho ya shule. Huo ni wa kweli, lakini mafuta yake ni ule msumari wenye zinki, ambao unaliwa taratibu mpaka uishe. Hata bibi anayeanika betri za redio juani ili zipate uhai kidogo hazijazi. Joto linaziharakisha kutoa makombo yaliyobaki. Bibi mwenyewe analijua hilo, maana hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba hatanunua tena betri.

Wadanganyifu wa makusudi wapo pia, na hawakuanzia Afrika. Mwaka 1812, mjini Philadelphia, Marekani, Charles Redheffer alionyesha kwa kiingilio mashine iliyojizungusha yenyewe. Alipoihamishia New York mwaka uliofuata, Robert Fulton, yule wa meli za mvuke, alisikiliza mlio wake, akahisi mwendo hauko sawa, akabomoa mbao za ukutani. Ndani alikuta ukanda mwembamba uliopita ukutani mpaka chumba cha juu, na huko juu alikaa mzee mwenye ndevu, mkono mmoja ukizungusha mpini, mkono mwingine ukishika kipande cha mkate. Miaka sitini baadaye, Philadelphia ileile ilimlea John Keely, aliyekusanya fedha za wanahisa kwa zaidi ya miaka ishirini kwa ajili ya mota ya nguvu za ajabu. Alipokufa mwaka 1898, chini ya sakafu ya karakana yake lilikutwa tufe kubwa la chuma la kuhifadhia hewa iliyoshindiliwa. Akademia ya Sayansi ya Paris ilikuwa imeshachoka tangu 1775, ilipoamua kwamba haitapokea tena maombi ya kuchunguza mashine za kujiendesha daima. Siku hizi Maxwell Chikumbutso wa Zimbabwe anadai kuwa na gari linalotumia mawimbi ya redio. Madai hayo yanapendwa sana katika simu zetu, ambazo hupokea mawimbi hayohayo kutwa nzima na bado jioni zinatafuta chaja.

Hoja inayorudi kila mara ni kwamba wakubwa wanazuia uvumbuzi huu kulinda biashara ya mafuta. Siikatai kwa sababu ya kuwapenda wakubwa. Naikataa kwa sababu ya bei. Uniti moja ya umeme kwa mtumiaji mdogo wa nyumbani, anayetumia zisizozidi 75 kwa mwezi, inauzwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Betri ya volti 12 yenye ukubwa wa Ah 100, ile inayonunuliwa kwa shilingi laki kadhaa, ikijaa kabisa ina uniti 1.2. Yaani ndani ya sanduku lile zito mna umeme wa shilingi 120. Mtu mwenye afya akikanyaga baiskeli iliyofungwa jenereta anaweza kutoa wati 75 kwa muda mrefu. Akikanyaga kwa muda wa saa nane atakuwa ametengeneza uniti 0.6, mali ya shilingi 60, na atakuwa na njaa ya ugali wa bei kubwa zaidi. Lita moja ya dizeli ina uniti kama 10 ndani yake, na jenereta ndogo ikiitendea haki inatoa kama 3. Nishati yenyewe inauzwa kwa bei ya kutupa. Kinachomgharimu mtu wa kijijini ni vyombo vya kuikamata, kuihifadhi na kuifikisha. Kwa hiyo hata jenereta isiyokula kitu ingekuwapo, bado ingehitaji shaba, chuma, beringi, betri na fundi wa kuitengeneza, na pengine ingezalisha uniti ya bei kubwa kuliko ya TANESCO. Wakubwa hawana haja ya kuizuia.

Cha bure kweli kipo, na kila mtu anakiona. Jua la mchana linamwaga takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Paneli ya wati 200, isiyozidi sana ukubwa huo, kwa siku ya kawaida ya Lindi inatoa uniti 0.8 hivi: taa za nyumba nzima, simu, redio, na televisheni ndogo. Haina mkanda wala gurudumu, haipigi kelele, na haimvutii mkuu wa wilaya hata kidogo. Kasoro yake ni betri, inayochoka baada ya miaka michache ikitumika vibaya, na paneli bandia zilizoandikwa wati nyingi kuliko zilizomo.

Chanzo cha pili kinanikera zaidi, kwa sababu tunakisafirisha wenyewe. Zaidi ya nusu ya uzito wa korosho ghafi ni ganda. Ganda lile lina mafuta mazito, likikauka linawaka kama kuni nzuri au kuzidi. Lina ukali wa kuchubua ngozi, na moshi wake si wa kuchezea jikoni, ila kwenye tanuru na boila iliyojengwa kwa kazi hiyo ni mafuta kamili. Viwanda vya kubangua nje ya nchi vinayatumia. Sisi tunajaza magunia, tunalipia mzani, tunalipia lori hadi Mtwara, na sehemu kubwa inapakiwa melini kwenda India na Vietnam ikiwa na ganda lake. Nachingwea ina historia ya kiwanda cha kubangua tangu enzi za mashirika ya umma. Kila gunia linaloondoka halijabanguliwa linaondoka na ajira, kama wanavyosema wanasiasa kila msimu, na linaondoka na kuni pia, jambo ambalo hawalisemi.

Sheria haimfungi mikono mtu anayetaka kuzalisha. Mzalishaji mdogo wa chini ya megawati 1 halazimiki kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ingawa anapaswa kujisajili. Kinachokatazwa, na kinachostahili kukatazwa, ni kuchomeka jenereta kwenye soketi ya nyumba iliyounganishwa na TANESCO bila swichi ya kubadilishia. Umeme ukikatika, umeme wa jenereta hiyo unaweza kurudi nyuma kupitia mita, ukafika kwenye transfoma, na transfoma ikaufanyia kinyume cha kazi yake ya kila siku: ikaupandisha kuwa maelfu ya volti. Fundi wa laini aliyepanda nguzo akiamini waya umekufa hatapata nafasi ya kuuliza nani kavumbua nini. Vishoka, mafundi wasio na leseni, wanaofunga mitambo hii kwa elfu ishirini wanajua kuunganisha. Wengi hawajui kutenganisha.

Nawaomba basi wakurugenzi wa halmashauri za Nachingwea na Ruangwa, na kamati zinazogawa mikopo ya asilimia 10 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, waongeze sharti moja kabla ya kutoa fedha au kupiga picha na jenereta isiyotumia mafuta. Kipimo chake hakihitaji profesa kutoka Dar es Salaam. Chukueni hita ya kuchemshia maji na ndoo tatu za lita 20. Kuchemsha ndoo moja kutoka ubaridi wa kawaida kunadai uniti 1.7, zaidi ya betri nzima niliyoitaja. Mashine iinuliwe mezani ionekane chini na nyuma, isichajiwe, isiongezewe kitu, ichemshe ndoo ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Ikiweza, waiteni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, siku hiyohiyo, na mimi nitaandika makala nyingine. Ikishindwa, msimfukuze kijana wala msimcheke. Mpelekeni chuo cha ufundi cha VETA akapate cheti, mkopesheni mashine ya kusukia mota na waya wa shaba. Mota za pampu za visima na za mashine za kusaga katika wilaya hizi mbili huungua kila mwaka, na wenye nazo huzipakia kwenye basi kuzipeleka Masasi au Mtwara. Kazi hiyo ipo, inalipa, na haimlazimishi kuvunja sheria ya fizikia wala ya EWURA.